Kuchomelea kwenye chasisi ya gari la porini nyumbani: mshono ulibaki mzima, chasisi ikapasuka

Mhunzi77 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa ajili ya wale wanaotaka kushika mashine ya kuchomelea na kuliboresha gari lao la porini wenyewe, nyumbani, kwa kuliwekea kinga za pembeni, bampa la chuma au kitako cha winchi, ile mashine ya kujikokotea kwa kamba gari likikwama. Sina nia ya kumkatisha mtu tamaa, kwani kazi hii inawezekana na mimi mwenyewe naipenda kuliko kazi nyingine yoyote ya gari. Nataka kueleza jambo moja ambalo nilipaswa kulijua kabla sijawasha mashine siku ya kwanza: kwenye chasisi mshono mzuri hautoshi, kwa kuwa kinachopasuka mara nyingi si mshono bali chuma kilicho kando yake.

Gari langu ni Suzuki Samurai fupi, lenye chasisi ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, na springi za bapa. Nililitengenezea kinga za pembeni, yaani yale mabomba yanayopita chini ya milango ili mwamba usiifikie bodi, kwa bomba la kipenyo cha milimita 48. Kila upande niliuwekea miguu mitatu ya bomba hilohilo, nikazikata ncha zake zikalie sawasawa ubavu wa chasisi, nikasaga rangi, nikachomelea kuzunguka. Mishono ilitoka vizuri, mawimbi yake yakilingana na magamba yakibanduka karibu yenyewe. Nikapaka rangi, nikaridhika.

Baada ya mwaka mmoja hivi wa kupanda mawe na kuinua gari kwa jeki refu kupitia kinga zilezile, nilikuwa chini ya gari nikiosha tope nilipoona mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi nyeusi, kama uzi wa kahawia, kando ya mguu wa katikati. Nilikwangua rangi, nikapulizia dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, nikaiacha dakika kumi, nikaifuta kwa kitambaa mpaka chuma kikabaki kitupu, kisha nikapulizia ule unga mweupe. Muda si mrefu mstari mwekundu ukajichora wenyewe ndani ya unga. Ulianzia kwenye ukingo wa mshono, ukafuata karibu nusu ya mzingo wa bomba, kisha ukauacha mshono na kushuka kuelekea kona ya chini ya chasisi kwa urefu wa milimita 40. Mshono wenyewe haukuwa na alama yoyote.

Sababu zilikuwa tatu, na zote nilizisababisha mimi. Ya kwanza ni kwamba ubavu wa chasisi za magari madogo ya aina hii ni bamba jembamba, mara nyingi kati ya milimita 2 na 3, nami nilikuwa nimeusimamishia bomba katikati kama mtu anayebonyeza ubavu wa debe kwa kidole gumba. Kila mzigo ulipokuja, ubavu uliingia ndani kidogo na kurudi, na chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja mara maelfu huchoka hata kama kila mkunjo ni mdogo usioonekana kwa macho. Ya pili ni kwamba pale mshono mnene unapokutana ghafla na bamba jembamba, mkazo wote hujikusanya kwenye mstari wa makutano, na mstari huo ndio uleule ambao joto la kuchomelea limeubadilisha. Ya tatu ni kwamba niliweka umeme mwingi kuliko ilivyohitajika, ukanichimbia kijifereji kando ya mshono ambacho hakikujaa tena. Kijifereji cha nusu milimita kwenye bamba la milimita 2.5 kimekwisha kula sehemu moja kati ya tano za unene, na ufa hupenda kuanzia hapo.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii ingenizuia. Chukulia kwamba nusu ya gari la kilo 1,000 inakalia kinga mahali penye mguu mmoja, na kwamba kinga iko milimita 180 kutoka kwenye ubavu wa chasisi. Mguu unafanya kazi kama mtaimbo. Ukishikwa na mshono wenye urefu wa milimita 48 tu kutoka juu hadi chini, nguvu inayovuta ukingo mmoja na kusukuma ukingo wa pili ni 500 mara 180 gawanya kwa 48, yaani karibu kilo 1,900. Ukiupa mguu uleule bamba linaloshika kimo chote cha chasisi, tuseme milimita 100, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 900, tena inasambaa kwenye mstari mrefu badala ya kukusanyika mahali pamoja. Hapo bado hatujahesabu kishindo cha gari linalodondoka juu ya jiwe badala ya kutua polepole.

Kwa hiyo nilikata miguu yote sita, nikaanza upya. Ufa niliutengeneza hivi: nilitoboa tundu la milimita 4 mbele kidogo ya ncha yake ili usiendelee kukimbia, nikausaga kwa umbo la V mpaka dawa nyekundu ikaacha kuonyesha chochote, nikachomelea kwa vipande vifupi, nikasaga mshono ukawa sawa na chasisi. Kisha, kila penye mguu, niliweka bamba la milimita 3, unene unaokaribiana na ule wa chasisi yenyewe, kwa sababu bamba nene mno huhamishia tatizo kwenye kingo zake. Bamba nilikunja kwa umbo la L ili lishike ubavu na pia lipite chini ya kona, maana kona za chasisi ndizo ngumu na katikati ya ubavu ndipo palipo dhaifu. Ncha zake za mbele na nyuma nilizichonga ziwe kama ncha za mtumbwi, ndefu na zenye pembe za mviringo, ili nguvu iingie kwenye chasisi taratibu. Nilichomelea kingo zinazofuata urefu wa chasisi, nikajaza matundu machache niliyotoboa katikati ya bamba, na sikuvuta hata mshono mmoja uliosimama wima kukata kimo cha chasisi. Mwisho kabisa ndipo bomba likakaa juu ya bamba, likiwa na mbavu ndogo ya pembetatu chini yake.

Kabla ya kuwasha mashine, ondoa nyaya zote mbili za betri na soketi ya kompyuta ya gari ikiwa lako linayo. Klempu ya kurudishia umeme iwe karibu kabisa na mahali unapochomelea, tena kwenye kipande kilekile cha chuma, ili umeme usipite kwenye beringi kutafuta njia ya kurudi. Fuatilia kwa mkono mabomba ya breki na ya mafuta yanayopita upande wa pili wa chasisi, kwa kuwa joto halijali kwamba huyaoni. Tenki lililo karibu lishushwe na lipelekwe mbali. Kaa na ndoo ya maji na kizimamoto, na ukimaliza usiondoke kwa muda wa saa nzima, kwa sababu ndani ya chasisi mna vumbi, majani makavu na mafuta ya zamani yanayoweza kufuka polepole kabla ya kuwaka.

Moja la afya ambalo wengi hawalijui: usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini halafu ukachomelea. Mvuke wake, ukikutana na mwanga mkali na joto la kuchomelea, hugeuka kuwa fosijeni, gesi inayoua, na madhara yake yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa wakati wewe unadhani umesalimika. Tumia brashi ya waya na grenda.

Tope_Jekundu

Mhunzi, shukrani kwa maelezo haya. Mimi nina inventa ndogo ya vijiti, na kila ninayemuuliza ananiambia kwamba kazi ya gari ni ya MIG peke yake, yaani mashine inayolisha waya badala ya kijiti. Je, ni kweli kwamba chasisi haichomelewi kwa vijiti? Na ikiwa inachomelewa, nitumie vijiti gani?

Mhunzi77

Si kweli, mkuu. Malori, madaraja na meli vimechomelewa kwa vijiti miaka mingi na vinaendelea kuchomelewa hivyo. MIG ina raha yake, hasa kwenye bati la bodi lenye unene wa milimita moja, ambako kijiti hutoboa kabla hujakaa sawa. Lakini MIG ndogo ya nyumbani ina hatari moja ambayo kijiti hakikufichi kirahisi hivyo: inaweza kulaza waya juu ya chuma kinene kama dawa ya meno, mshono ukaonekana mzuri wa kupigiwa picha, na chini yake chuma hakijayeyuka kabisa.

Kwa bamba la milimita 3 natumia kijiti cha 6013 (namba ya aina ya kijiti) cha milimita 2.5, nikianzia ampea 70 na kupanda taratibu mpaka kidimbwi cha chuma kitulie; nikifika 90 huanza kuona kijifereji kando ya mshono na kurudi chini. Kijiti cha 7018 hutoa mshono wenye nguvu zaidi na usiovunjika kirahisi, lakini kinataka kutunzwa. Kikinyonya unyevu wa hewa, huingiza hidrojeni ndani ya mshono, na hidrojeni huleta nyufa ambazo hutokea hata baada ya chuma kupoa. Kama pakiti ya 7018 imekaa wazi wiki nzima na huna tanuri la kuvikaushia, afadhali utumie 6013 kavu.

Usiamini maneno yangu wala ya mtu mwingine kuhusu mashine yako. Chukua vipande viwili vya chuma vyenye unene uleule wa kazi yako, visimamishe kwa umbo la T, chomelea upande mmoja tu, kisha bana kwenye vaisi na upige kwa nyundo kile kilichosimama kilalie upande wa mshono, ili mzizi wa mshono ufunguke. Ukivunjika, tazama ndani. Ukiona ukingo wa bamba bado una kona yake kali na alama za grenda ulizoacha, basi chuma hakikuyeyuka na mshono ulikuwa umebandikwa tu. Ukiona mng'ao wa punjepunje pande zote mbili, au bamba likikunjika bila mshono kuachia, umeme wako unatosha. Fanya jaribio hilo kwa mkao uleule utakaokuwa nao chini ya gari, kwa kuwa mtu anayechomelea vizuri mezani anaweza kushindwa kabisa akilala chali. Na mshono uliosimama wima uupandishe kutoka chini kwenda juu. Ukiushusha, magamba hutangulia mbele ya chuma na kufungiwa ndani.

Bampa_Nzito

Fundi, mimi naanza na bampa la mbele lenye winchi. Nimepata bamba la milimita 6 na nataka bampa lote litoke humo, lisijikunje hata nikigonga mti. Gari langu ni kama lako. Kuna ubaya gani?

Mhunzi77

Ubaya upo, ndugu, na unapimika. Chuma kina uzito wa kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba yenye unene wa milimita moja. Bampa la gari kama letu hula kama mita 1.2 za mraba za bamba, kwa hiyo la milimita 6 litakuwa na kilo 56 na nusu, na la milimita 3 litakuwa na kilo 28. Ongeza winchi na kamba yake, tuseme kilo 35. Mzigo huo unaning'inia mbele ya ekseli, kama milimita 600 hivi, na umbali kati ya ekseli za Samurai fupi ni milimita 2,030. Ukipiga hesabu ya mtaimbo utaona kwamba kwa bampa la milimita 6 ekseli ya mbele inabeba karibu kilo 118 za ziada huku ya nyuma ikipoteza kilo 27. Kwa la milimita 3, ya mbele inapata kilo 82 na ya nyuma inapoteza chini ya kilo 19. Gari lililopoteza uzito nyuma hupungukiwa na mshiko wa magurudumu ya nyuma wakati wa kushuka mteremko na kupiga breki, na springi za mbele hushuka mpaka zikakosa nafasi ya kufanya kazi. Haya yote umeyanunua kwa ugumu ambao hukuuhitaji.

Ugumu wa bampa unatokana zaidi na umbo kuliko unene. Bamba la milimita 3 lililokunjwa mara tatu na kufungwa nyuma likawa sanduku ni gumu kuliko bamba bapa la milimita 6. Weka unene pale tu penye kazi: kitako cha winchi na masikio ya kufungia pingu, vile vyuma vya umbo la U vinavyoshika kamba ya kuvutia. Na hilo la kutojikunja hata ukigonga mti, naomba ulifikirie tena. Bampa lisilojikunja hupeleka kishindo chote kwenye chasisi, na chasisi hukipeleka kwa waliomo ndani. Kwenye magari yenye mifuko ya hewa, bampa gumu linaweza pia kubadilisha namna vihisio vinavyolitambua gonga.

Kuhusu winchi, nguvu iliyoandikwa kwenye kibao chake, kwa mfano kilo 3,600, ni ile ya mzunguko wa kwanza wa kamba kwenye ngoma, na nguvu hiyo yote inapita kwenye bolti nne. Mpangilio wa matundu unaotumika kwenye winchi nyingi za ukubwa huo ni milimita 254 kwa 114.3. Tumia bolti za daraja 8.8 au zile alizotaja mtengenezaji. Kitako cha winchi kifungwe kwa bolti zinazopita ndani ya chasisi kutoka upande hadi upande, lakini usizikaze juu ya sanduku tupu, maana pande za chasisi zitabonyea na bolti italegea baada ya wiki moja. Toboa tundu kubwa zaidi, ingiza kipande cha bomba nene kinachofika pande zote mbili, kichomelee mduara wake, kisha bolti ipite ndani ya bomba hilo. Kazi hii ni ndogo, nayo ndiyo inayolifanya bampa likae miaka mingi bila kugongagonga.

Masikio ya kuvutia gari yapite ndani ya uso wa bampa na kuendelea nyuma mpaka kwenye bamba la chasisi, yakachomelewa pande zote mbili. Sikio lililobandikwa usoni tu linategemea mshono mmoja, na likiachia wakati kamba imekazwa, huruka kama risasi. Kwa sababu hiyohiyo, ule mpira wa chuma wa kuvutia tela usitumike kunasulia gari lililokwama. Watu wameuawa na mpira huo ulipokatika.

Springi_za_Bapa

Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, nina jani la springi lililokatika karibu na jicho. Je, linaweza kuchomelewa kwa 7018 ili nilitumie huku nikitafuta jingine? Pili, nataka kuhamisha springi kutoka chini ya ekseli kwenda juu yake ili gari liinuke, na nimesikia kwamba ni suala la kuchomelea viti vipya vya springi tu.

Mhunzi77

La kwanza jibu ni hapana, hata kwa safari moja. Springi ni chuma chenye kaboni nyingi kilichopikwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu, na joto la kijiti huliharibu pishi hilo papo hapo. Kando ya mshono chuma kinakuwa kikavu kama kioo, kisha kinakatika bila kutoa onyo, na jani lililokatika kwenye jicho ndilo linaloshikilia ekseli mahali pake. Hata unapochomelea kitu kingine karibu na springi, zifunike kwa blanketi la kuzuia moto, kwa sababu tone moja la chuma linaloganda juu ya jani au mguso mmoja wa kijiti unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Kanuni hiyohiyo naitumia kwa mikono ya usukani, fimbo zake na vishikio vya magurudumu: sivichomelei, na nchi nyingi zinakataza.

La pili ni kazi halali ya chuma, ila neno "tu" naomba uliondoe. Gari litapanda kwa jumla ya unene wa bomba la ekseli, unene wa springi zote na kimo cha viti vipya, na kwa Samurai hiyo ni zaidi ya milimita 100. Kila kitu kilichokuwa kimepimwa kwa kimo cha zamani kinapotea. Mipira ya breki inakuwa mifupi. Fimbo ya usukani inayotoka kwenye gia inalala kwa pembe kali, na gari huanza kujigeuza lenyewe kila springi inapopanda na kushuka. Propela nayo inapata pembe mpya, na joinenti zake mbili hufutiana mtikisiko pale tu pembe zake zinapolingana. Kwa hiyo viti visichomelewe moja kwa moja: shikiza kwa nukta mbili, shusha gari likalie magurudumu yake kwa uzito wote, pima pembe ya difu na ya gia kwa kipimapembe, sogeza, pima tena, ndipo uchomelee. Ekseli ya mbele ina mtego wake, maana ukiizungusha ili kuipendeza propela, unaharibu mwinamo unaofanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona.

Wakati wa kuchomelea, weka vipande vya mshono vya milimita 25, hama kiti kimoja kwenda kingine, na uache bomba lipoe kati ya kipande na kipande. Bomba la ekseli hupinda likichomelewa upande mmoja kwa pupa, na ekseli iliyopinda utaijua kwa mihimili ya ndani inayokula mipira ya kuzuia mafuta yasivuje na tairi zinazoliwa upande mmoja. Mwisho, springi zikiwa juu, ekseli hujipinda kwa urahisi zaidi unapokanyaga mafuta, kwa hiyo utahitaji mkono wa kuizuia. Kwa maoni yangu, mtu anayelitumia gari lilelile barabarani kila siku apate springi ndefu kidogo za kiwandani na aiache kazi hii.

Kioo_Cheusi

Kuna mafundi ninaowafahamu waliochomelea chasisi wima, moja kwa moja, kwa miaka ishirini, na magari hayo bado yanatembea. Sioni kwa nini tuwatishe watu kwa mabamba yenye ncha za mtumbwi.

Mhunzi77

Mkuu, nawaheshimu mafundi hao, na baadhi yao ndio walionifundisha kushika kijiti. Gari linalopita barabara laini likiwa na mzigo wa kawaida linaweza kuusamehe mshono huo kwa miaka mingi. Gari la porini linapinda chasisi yake kila safari, gurudumu moja juu ya jiwe na jingine shimoni, na kazi yake yote ni kulazimisha chasisi ifanye kile ambacho mshono wa wima unakichukia. Watengenezaji wengi wa malori makubwa hukataza kutoboa au kuchomelea upande wa juu na wa chini wa chasisi zao, na wao wanauza chuma kinene kuliko chetu. Mimi nimeuona ufa kwa macho yangu kwenye gari langu, na sitamshauri mtu njia iliyouleta.

Springi_za_Bapa

Nimeelewa, naacha springi mahali pake. Na kizimba cha ndani cha kuzuia paa lisibonyee gari likipinduka, kinaweza kutengenezwa kwa bomba la maji?

Mhunzi77

Hapana, ndugu. Bomba la maji limetengenezwa kuzuia maji yasivuje, na hakuna aliyekuahidi kuhusu nguvu yake likipigwa. Isitoshe, kama lina zinki, moshi wake mweupe utakupa homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, kwa magari ya mashindano zinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa baridi: upinde mkuu uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, mabomba mengine 38 kwa 2.5, na kila mkunjo uwe na nusu kipenyo kisichopungua mara tatu ya kipenyo cha bomba. Hizo ndizo chini kabisa kwa watu wanaovaa helmeti na mikanda inayowashika kitini. Anayeendesha bila helmeti ana bomba la chuma karibu na kichwa chake katika ajali ndogo ambayo zamani ingemwachia kidonda tu. Mimi sijaweka kizimba kwenye gari langu, na kazi hii peke yake ningempelekea fundi anayeifanya kila siku.

Tope_Jekundu

Nimerudi na matokeo. Jaribio la T la kwanza kwa ampea 65 liliachia kwa nyundo mbili, na ndani nikakuta alama za grenda kama ulivyosema. Kwa ampea 80 bamba lilikunjika lote na mshono ukabaki. Kisha nikaosha chasisi yote kwa brashi kabla ya kuanza, na nyuma, kwenye kishikio cha springi upande wa kushoto, nimekuta mstari wa kutu wenye urefu wa kidole. Sijachomelea chochote hapo. Gari nimelinunua likiwa limetumika.

Mhunzi77

Umefanya vyema kuosha kwanza. Hapo usianze na kinga. Anza na kishikio hicho, kwa sababu kinabeba uzito wa gari kila sekunde linapotembea. Kwangua rangi kwa upana wa kiganja pande zote za mstari, maana ufa kwa kawaida ni mrefu kuliko kutu unayoiona. Pulizia dawa, weka alama ya punje kwa msumari kwenye ncha zote mbili, toboa milimita chache mbele ya kila alama, kisha upulizie tena ndani ya matundu. Kama mstari mwekundu unatokea ng'ambo ya tundu, hujaufikia mwisho wake. Gonga pia kwa nyundo ndogo eneo lote linalozunguka, na usikilize. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa sauti ya kufa, na hapo bamba la kuongezea halina cha kushikilia, itabidi kipande kikatwe na kuwekwa kipya.

Tope_Jekundu

Tundu la kwanza halikutosha, mstari ulitokea tena milimita 6 mbele. La pili limetosha. Chuma kinalia pande zote isipokuwa chini ya kishikio, sehemu ya upana wa vidole viwili. Nimeweka gari juu ya stendi, nimeshusha springi na tenki, na kesho nakata sehemu hiyo.